Moshi Usioonekana: Yaliyotufika Usiku Mmoja Mashuani



Kurasa hizi zimezoea kuzungumzia malezi, mapishi, afya na mwenendo wa nyumbani. Leo tumeomba nafasi ya kusimulia jambo lililotufika sisi wenyewe, dada wawili wa nyumba moja, pamoja na mama yetu, bibi yetu na wifi yetu. Hatusimulii kwa kumlaumu mtu, maana aliyetufanyia alitufanyia kwa mapenzi. Twasimulia kwa sababu kila nyumba tuliyoihadithia, mtu mmoja amenyamaza kidogo kisha akasema: "Na sisi tuna jenereta."

Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi imekolea na joto limeuelemea mji wa Lamu. Tulikwenda kwa arusi ya jamaa yetu. Nyumba ya arusi ilijaa wageni kutoka Mombasa, Malindi na visiwani hata hapakuwa na pa kuweka mkeka. Ami yetu alikuwa amekuja na mashua yake, mashua ya injini ya urefu wa mita 9 aliyoinunua mkono wa pili. Chini ya sitaha ilikuwa na chumba chenye vitanda vitano, choo, jiko dogo, na kitu ambacho hatukutarajia kukiona mashuani: kiyoyozi. Mwenyewe wa kwanza alizoea kuifunga gatini na kuchomeka waya kwenye umeme wa nchi kavu, basi kiyoyozi kikifanya kazi bila ya shida.

Kwa kuwa pale Lamu mashua ilikuwa imetia nanga mkondoni mbele ya mji, na hapakuwa na umeme wa kuchomeka, ami alinunua jenereta ndogo ya petroli, ile ya kubebwa kwa mkono mmoja. Aliyemuuzia alimhakikishia kuwa inaendesha kila kitu. Ubavuni imeandikwa wati 2,000. Ami akamwambia mama: "Shemeji, wachukue bibi na huyu mja mzito wakalale mashuani penye baridi. Humu ndani hawatalala." Wifi yetu alikuwa na mimba ya miezi 7, miguu imemvimba, na usiku mbili zilizopita hakupata usingizi. Tulishukuru sana. Tukashuka wanawake watano baada ya sala ya Isha, na ami na mwanawe wakatandika magodoro yao juu ya sitaha upande wa omo, ili sisi tuwe na sitara chini.

Jenereta iliwekwa juu, upande wa tezi, nyuma kabisa. Ami hakuwa mjinga. Alijua kuwa moshi ni mbaya, na alipoiwasha alisimama akaangalia moshi unaelekea wapi. Upepo wa kaskazi ulitupiga omoni, ukaupeleka moshi wote nyuma juu ya maji. "Salama," akasema, nasi tukaona kuwa ni salama. Waya ulipitishwa mlangoni, kwa hiyo mlango haukufungika sawasawa, ukabaki wazi kama upana wa vidole viwili. Madirisha yote tuliyafunga ili baridi isitoke.

Mara ya kwanza kiyoyozi kilikataa. Jenereta ilinguruma, ikakohoa kama mpagazi aliyetwishwa gunia lisilo kadiri yake, kisha taa nyekundu ikawaka na umeme ukakatika. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu ami alizima friji ndogo na chaja ya betri, akazima kile kitufe cha kubana mafuta kinachofanya injini izunguke polepole, akasubiri dakika tano, akajaribu tena. Kiyoyozi kikapokea. Baridi ikashuka juu yetu kama rehema. Wifi alilala kabla hatujamaliza kupiga soga.

Saa 9 za usiku bibi aliamka kwa ajili ya sala yake ya usiku. Bibi yetu ni binti wa nahodha. Babake alikwenda na jahazi Uarabuni na kurudi, msimu baada ya msimu, na ingawa yeye mwenyewe sasa anatembea kwa mkongojo, bahari haimtoki kichwani. Alipoinuka alisikia kizunguzungu, akakaa tena. Kichwa kilimgonga. Alimsikia mama akigumia, na mmoja wetu akatapika pembeni ya kitanda, akisema kwa sauti ya usingizi kuwa bahari imemlevya.

Bibi alinyamaza, akasikiliza. Kisha akasema maneno ambayo hatutayasahau: "Bahari imelala. Nani analevywa na bahari iliyolala?"

Kweli mashua ilikuwa haitikisiki hata kidogo. Bibi akageuka kwenye dirisha dogo lililokuwa karibu na kitanda chake, upande wa kushoto wa mashua. Wakati wa kulala alikuwa ameziona taa za mji kupitia dirisha hilo. Sasa aliona giza tupu, giza la upande wa Manda. "Mashua imegeuka," akasema. "Upepo uko nyuma yetu. Fungueni mlango! Mwamsheni huyu mtoto, mtoeni nje!"

Tulijaribu kusimama, na miguu ikawa kama si yetu. Aliye na nguvu kidogo alisukuma mlango, akapiga kelele. Mwana wa ami aliruka kutoka omoni, akazima jenereta, akatutoa mmoja mmoja. Wifi ndiye aliyekuwa mzito kuamka kuliko sote. Ilibidi abebwe. Tukalazwa juu ya sitaha penye hewa, huku bibi akisoma dua na kutuita majina yetu kila mara ili tusirudi usingizini.

Kabla ya alfajiri tulikuwa hospitali. Daktari kijana aliyetupokea aliuliza swali moja tu: "Mlilala karibu na moto au injini yoyote?" Tulipomjibu, hakungoja zaidi. Alituwekea barakoa za oksijeni. Kile kidude cha kubana kidoleni kilionyesha kuwa oksijeni yetu ni asilimia 98, nasi tukafurahi, lakini yeye akatikisa kichwa. Alitueleza kuwa kidude kile hudanganyika, kwani hakiwezi kupambanua damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu. Wanne wetu tulitoka mchana wa siku ile. Wifi alibaki hadi siku ya pili. Alhamdulillah, mtoto alizaliwa salama mwezi wa Machi, na leo anatambaa. Lakini kila tunapomtazama twakumbuka kuwa baina yake na ulimwengu huu palikuwa na mlango ulioachwa wazi vidole viwili, na bibi aliyeamka kusali.

Hewa hii ni nini?

Hewa iliyotufika huitwa kaboni monoksidi. Huzaliwa kila mahali panapoungua kitu cha kuungua bila ya hewa ya kutosha: petroli, dizeli, makaa, kuni, gesi, mafuta ya taa. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi wa jenereta unanukia kwa sababu ya vitu vyengine vilivyochanganyika nao, lakini hewa yenyewe ya sumu haina dalili, na yaweza kujaa chumbani ukiwa husikii harufu yoyote ya kutisha.

Mtu akiivuta huingia kwenye damu na kuzikamata chembe nyekundu, zile zinazobeba oksijeni. Huzishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyozishika. Kwa hiyo hata hewa yake ikiwa kidogo, ukikaa nayo kwa saa nyingi, damu hujaa sumu taratibu huku mwili ukikosa oksijeni. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Hizo ndizo zile zile dalili za kulevywa na bahari. Hapo ndipo ulipo mtego wa mashua: mgonjwa hudhani ni bahari, hujilaza chini kupumzika, na kulala ndiko kunakomwangamiza.

Mja mzito yuko katika hatari zaidi, kwani hewa hii huvuka ikamfikia mtoto tumboni, na mtoto huchukua muda mrefu zaidi kuliko mama yake kuitoa katika damu. Watoto wadogo, wazee, na wenye maradhi ya moyo au ya kifua nao huathirika mapema. Basi fikirini: wale tuliotaka kuwapumzisha kwa baridi ndio hasa tuliowaweka mdomoni mwa hatari.

Si sisi wa kwanza. Marekani, katika Ziwa Powell lililoko mpakani mwa Utah na Arizona, watu wengi huenda mapumzikoni kwa mashua zilizojengwa kama nyumba, na jenereta ndani yake huendesha viyoyozi mchana kutwa. Mwaka 2000 ndugu wawili, watoto wadogo, walikufa walipokuwa wakiogelea nyuma ya mashua ya namna hiyo, kwani moshi wa jenereta ulitolewa chini ya sitaha ya nyuma ukakusanyika pale. Wachunguzi wa serikali walipokwenda na vipimo vyao walikuta mahali pale hewa ya kiwango cha kuua kwa muda mfupi sana. Hao walikuwa nje, mchana, majini. Ni vipi basi waliolala ndani, mlango umerudishwa?

Bahari ilivyotugeuzia moshi

Baada ya arusi tulimwita fundi wa umeme wa mashua, mzee aliyefanya kazi hiyo miaka mingi Kilindini na Mtwapa. Tulitaka kujua ami alikosea wapi, maana aliangalia upepo kabla ya kulala.

Fundi alicheka kidogo, akasema kuwa ami aliangalia upepo, lakini hakuangalia maji. Usiku ule ulikuwa wa bamvua, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Jioni maji yalikuwa yakipwa, yakienda zake baharini kwa kupitia Shela, na mashua iliyotia nanga huelekeza omo yake kule maji yanakotoka. Basi omo yetu ilielekea kaskazini, mji uko kushoto, upepo wa kaskazi unatupiga usoni, na moshi unakwenda nyuma. Karibu na saa 5 usiku maji yalianza kujaa. Mkondo wa bamvua una nguvu kuliko upepo wa usiku uliokwisha kulegea, kwa hiyo mashua ikageuka yote, omo kusini, tezi kaskazini. Upepo ule ule uliokuwa mlinzi wetu sasa ulitoka nyuma, ukapita juu ya jenereta, ukausukuma moshi polepole mpaka mlangoni, kwenye ule uwazi wa vidole viwili. Mwana wa ami aliamka mara moja, saa 7, akaizima jenereta, akaiacha ipoe, akaijaza petroli na kuiwasha tena. Hakutambua kuwa mashua imegeuka.

Na kiyoyozi? Wengi hudhani kuwa kiyoyozi huleta hewa safi. Si hivyo. Kiyoyozi cha mashua huvuta hewa ile ile ya chumbani, huipoza, na kuirudisha chumbani. Joto lake hulitoa kwa maji ya bahari yanayovutwa na pampu na kutupwa nje. Hewa yenyewe haibadilishwi. Sumu ikishaingia, kiyoyozi hukupoozea sumu.

Hesabu ya wati

Tulimwuliza pia kwa nini jenereta ya wati 2,000 ilishindwa na kiyoyozi kidogo. Jibu lake litawafaa hata walio nchi kavu.

Kwanza, ile 2,000 iliyoandikwa ubavuni ni nguvu ya kitambo kidogo tu. Nguvu ambayo jenereta kama ile huweza kuitoa kwa saa nyingi ni kama wati 1,600 hadi 1,800. Kwa umeme wetu wa volti 240, wati 1,800 ni ampea 7.5, basi.

Pili, kiyoyozi cha ami ni cha BTU 7,000. Kikishawaka hutumia kama wati 650, na pampu yake ya maji ya bahari kama 100. Jumla haifiki nusu ya uwezo wa jenereta. Lakini kompresa, ule moyo wa kiyoyozi, wakati wa kuanza kuzunguka hudai umeme mara tatu hadi sita ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hapo ndipo jenereta hukohoa. Ikiwa wakati huo huo imebeba friji na chaja, hukata tamaa.

Tatu, ile subira ya dakika tano ina maana. Kompresa ikizimwa, gesi iliyo ndani yake hubaki imeshindiliwa upande mmoja. Ukiiwasha papo hapo huanza kazi ikiwa imeelemewa. Ukingoja, shinikizo husawazika na kuanza huwa kwepesi. Kiko pia kifaa kidogo ambacho mafundi hukifunga kwenye kompresa ili ianze taratibu badala ya kuruka, na kwa kifaa hicho jenereta ndogo huweza kuendesha hata kiyoyozi kikubwa kidogo. Viyoyozi vipya vya inveta huanza taratibu kwa maumbile yao.

Nne, atakayenunua mashua iliyotoka Marekani na aangalie kibao cha kiyoyozi kabla ya kuchomeka chochote. Vingi vya huko ni vya volti 120, nao umeme wa volti 240 utavichoma mara moja.

Tano, petroli. Tangi la jenereta kama ile ni la lita 4 hivi. Kwa mzigo mzito hudumu saa 3 au 4, kwa mzigo mwepesi kama saa 8. Kwa hiyo atakayetaka baridi usiku kucha lazima ajaze mafuta gizani, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hushuka, huingia ngamani mwa mashua, hungoja cheche. Jenereta za kubebwa hazikutengenezwa zizuie cheche. Fundi alisema kuwa mashua ngapi zimeteketea si kwa moto wa jikoni, bali kwa mafuta yaliyomwagika karibu na injini yenye joto. Kujaza ni baada ya kuzima, baada ya kupoa, na ikiwezekana juu ya nchi kavu.

Kisha mzee yule akasema neno lililokata mjadala wote. Kwa nyumba za nchi kavu, ushauri unaotolewa ni jenereta iwekwe angalau mita 6 mbali na mlango na madirisha, tena nje kabisa. "Mashua yenu yote ni mita 9," akasema. "Mtaiweka wapi?"

Tulivyofanya baadaye

Ami hakuitupa jenereta, wala hakukiondoa kiyoyozi. Lakini kanuni imebadilika, na ameiandika kwa mkono wake akaibandika mlangoni mwa chumba.

Mashua ikiwa gatini penye umeme wa nchi kavu, kiyoyozi hutumika kama kawaida. Fundi aliweka swichi ya kuchagua, ili umeme wa gati na wa jenereta visikutane kamwe, na nyengine ya kukata umeme mara unapovuja, maana maji ya chumvi na waya haviaminiani.

Mashua ikiwa nangani, jenereta huwashwa watu wote wakiwa macho, kwa saa moja au mbili tu za kupoza chumba, na mtu mmoja mzima amewekwa juu kazi yake iwe kuangalia upepo na maji. Mashua ikianza kugeuka, jenereta huzimwa. Hakuna anayelala ikiwa inanguruma, hata kwa lepe moja. Hakuna anayeoga baharini upande wa nyuma. Na ikiwa mashua nyengine imetia nanga karibu na jenereta yake inawaka, madirisha yetu huangaliwa vivyo hivyo, kwani moshi wa jirani haubishi hodi.

Chumbani imefungwa kengele ya kuhisi kaboni monoksidi, inayotumia betri zake yenyewe. Tafadhali msiichanganye na kengele ya moshi wa moto, hiyo haihisi hewa hii. Kila safari, kabla ya kung'oa nanga, mmoja wetu huibonyeza kuijaribu. Imekuwa kama kuhesabu maboya ya kuokolea.

Na baridi ya usiku? Hapo bibi ndiye aliyekuwa mwalimu. Alituuliza wazee waliishije Lamu kabla ya umeme. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, wakaacha ua katikati ya nyumba ili hewa ipande na kushuka, wakafanya vichochoro vyembamba visivyoliona jua. Ng'ambo ya pili, katika nchi za Ghuba, walijenga minara juu ya nyumba ya kuukamata upepo na kuushusha vyumbani. Walijua kuwa kazi ya kwanza ni kulizuia jua, na ya pili kuukaribisha upepo.

Tukafanya hivyo. Mchana mashua hutandikiwa turubai jeupe toka omo hadi tezi, ili sitaha isishike moto. Juu ya dirisha la dari tumeshona tanga dogo la kitambaa, kama faneli, linalokamata upepo na kuumimina chini. Na ndani tumefunga feni nne ndogo za volti 12. Kila moja hula kama wati 12. Feni zote nne kwa saa 8 hula theluthi tu ya betri moja ya ampea 100 kwa saa, na sahani ya sola ya wati 200 hurudisha umeme huo kwa nusu siku ya jua letu. Kukiendesha kile kiyoyozi kwa betri kwa saa hizo hizo kungetaka betri kama tano za namna hiyo. Kila mtu na apime uwezo wake, lakini sisi tumelala kwa feni na tanga, na tumeamka na vichwa vyepesi.

Kwa walio nchi kavu

Huenda msomaji akasema: sina mashua. Lakini umeme ukikatika Mombasa, ni jenereta ngapi huwashwa roshanini, kwenye ngazi za ghorofa, au nyuma ya duka ambalo familia hulala juu yake? Ni majiko mangapi ya makaa huingizwa chumbani wakati wa mvua za masika ili kukausha nguo za mtoto? Ni gari ngapi huachwa likinguruma ndani ya banda lililofungwa? Hewa ni hiyo hiyo.

Basi tukumbuke machache. Jenereta na jiko la makaa mahali pake ni nje, mbali na madirisha, si ndani wala kibarazani. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiumwa na kichwa kwa pamoja, na wakapata nafuu wanapotoka nje, msiseme ni chakula au ni uchovu. Fungueni milango, tokeni wote, zimeni kinachowaka ikiwa mwaweza kukifikia bila ya kuvuta hewa ile, kisha nendeni hospitali na mumwambie daktari waziwazi: tulikuwa karibu na moto. Neno hilo moja laweza kuokoa muda wa thamani. Mja mzito apelekwe hata kama anasema amepona.

Dini yetu ilikwisha kutuusia tusiache moto ukiwaka majumbani tunapolala. Utotoni tuliambiwa hivyo kwa ajili ya taa na jiko, nasi tukadhani kuwa wakati wa taa za mafuta umepita na wasia wake pamoja nao. Kumbe jenereta ni moto, ingawa haina mwali unaoonekana. Ami yetu amesema mara nyingi kuwa usiku ule alitawakali kwa Mwenyezi Mungu. Bibi humjibu kwa upole: "Mwanangu, tawakali njema, lakini zima moto kwanza."

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zenu na vyombo vyenu, na awahifadhi wasafiri wote wa baharini. Tafadhali wasomeeni makala haya waume zenu, wana wenu na manahodha mnaowajua. Ikiwa nyumba moja tu itaiondoa jenereta yake roshanini usiku wa leo, basi tumepata tulichokitaka.

Wabillahi tawfiq.